Kupanga mistari ya maandishi kwenye skrini kwa Java

Mwanafunzi anayeanza kuchora kwa Java huandika g.drawString("Karibu", 0, 0), yaani amri ya kuchora neno kwa g (kitu cha Graphics, kalamu ya kuchorea) kwenye x 0 na y 0, huendesha programu, kisha hukuta paneli tupu. Hakuna kosa lolote lililotajwa. Neno limechorwa, ila limeangukia juu ya ukingo wa paneli, pasipoonekana. Akiandika "Ngoja" badala yake, ataona mikia ya herufi g na j ikichungulia kutoka juu.

Katika Java, sifuri ya x na y iko pembe ya juu kushoto. Thamani ya x hukua kuelekea kulia, na y hukua kwenda chini, kinyume na grafu za hisabati. Hilo wengi hulizoea upesi. Kinachowasumbua zaidi ni kwamba drawRect huchukua x na y kuwa pembe ya juu kushoto ya mstatili, ilhali kwa drawString y ni pale herufi zinapokalia, kama mstari wa daftari. Ukivipa vyote viwili namba zilezile, mstatili utashuka chini na maneno yatasimama juu yake.

Jambo la pili: drawString haijali alama ya \n (ya kuanza mstari mpya). Kila mstari unauchora peke yake. Ndipo watu huanza kukisia: 20, 40, 60. Kwa fonti ya ukubwa wa 12 mambo huenda vizuri, lakini ukiipandisha hadi 36 mistari hupandana. Mimi sioni sababu ya kukisia wakati fonti yenyewe inaweza kuulizwa:

g.setFont(fonti);
FontMetrics vipimo = g.getFontMetrics();
int y = 10 + vipimo.getAscent();
for (String mstari : maneno.split("\n")) {
    g.drawString(mstari, 10, y);
    y += vipimo.getHeight();
}

getAscent ni kimo cha herufi juu ya mstari wake, getDescent ni nafasi ya mikia, na getLeading ni mwanya kati ya mistari. getHeight ni jumla ya vyote vitatu. Tuseme ni 30, 8 na 2: mistari itakaa kwenye 40, 80 na 120. Lakini setFont itangulie; ukiichelewesha utapata vipimo vya fonti ya zamani.

Kuweka mstari katikati, tumia (getWidth() - vipimo.stringWidth(mstari)) / 2. Kuhesabu herufi hakusaidii, kwani i na m hazilingani upana isipokuwa katika fonti za upana mmoja. Hesabu hiyo ifanyike ndani ya paintComponent (mbinu ambayo Java huiita kila paneli inapochorwa upya), ili dirisha likivutwa maneno yahame nalo.

Tena, usichore moja kwa moja juu ya JFrame (dirisha lenyewe), maana upau wa kichwa cha dirisha hufunika sehemu ya juu. Chora kwenye JPanel (paneli inayowekwa ndani ya dirisha), ukianza na super.paintComponent(g), la sivyo maandishi ya awali yanaweza kubaki chini ya mapya. (Na kama unachohitaji ni neno moja tu la maelezo, JLabel, yaani lebo iliyo tayari, inatosha, usijitese.)

Aya ndefu inayopaswa kukatwa kulingana na upana ni kazi ya LineBreakMeasurer, iliyomo katika java.awt.font. Hiyo hukupa mstari mmoja mmoja, ila y bado utaiongeza wewe.