Sindano za Kichina na utando mwembamba wa kizazi: maswali ninayoulizwa kliniki hapa Dodoma

Utando mwembamba ndio nini?
Mfuko wa uzazi una utando laini kwa ndani. Kila mwezi hujijenga, na mimba isipotunga hutoka kama hedhi. Mimba hujishikiza hapo. Ultrasaundi ya siku za yai kupevuka ikionyesha chini ya milimita 7, wataalamu wengi huuita mwembamba.

Sindano za akupancha, yaani hizo nyembamba za Kichina zisizo na dawa ndani, zinaunenepesha?
Wanaozichoma husema zinaongeza damu kwenye kizazi. Ushahidi wake bado dhaifu. Utafiti mkubwa wa Australia na New Zealand uliotoka mwaka 2018 ulifuatilia wanawake 848 waliokuwa wakipandikizwa mimba iliyotungwa maabara. Waliochomwa sindano za kweli na waliowekewa za kuigiza, zisizopenya ngozi, walizaa karibu sawa: kama 18 katika kila 100.

Basi nimalize dozi ya sindano kwanza, nipime baadaye?
Hapana. Mama mmoja wa Mpwapwa, miaka 38, aliniwekea mezani kadi yake ya sindano: tiki 24, miezi minane. Nikamuuliza hedhi ikoje. "Matone tu, nesi. Tangu niliposafishwa mimba ilipoharibika, pedi moja inanitosha." Kumbe ndani ya miezi yote hiyo hakuna aliyemuuliza swali hilo! Kizazi kikikwanguliwa sana, au kikipata maambukizi baada ya hapo, huweza kubaki na makovu, kuta zikashikamana. Kovu halilainiki kwa sindano ya akupancha. Daktari bingwa wa wanawake huingiza kamera nyembamba kupitia ukeni, akalikata. Miezi minane kwa mwenye miaka 38 ni mingi mno.

Hata nikibakiza sindano chache tu?
Hata ikibaki moja. Vipimo kwanza. Ukitaka sindano baadaye kwa ajili ya kutuliza mawazo, sikukatazi, ila hakikisha kila sindano ni mpya na inafunguliwa mbele yako. Homa ya ini na VVU havichagui aina ya sindano.

Na dawa za kuweka ukeni za kusafisha kizazi?
Acheni, jamani. Kizazi hakihitaji kusafishwa na mtu wa sokoni. Tunaletewa wanawake wenye vidonda na usaha.

Mume wangu ana watoto nje, naye apimwe?
Apimwe. Watoto wa zamani hawathibitishi mbegu za leo.

Nimekosa hedhi na tumbo linauma upande mmoja. Nimeambiwa ni sindano zinafanya kazi.
Sizo! Nenda hospitali leo, usiku huuhuu ikibidi. Huenda mimba imetunga nje ya kizazi, na mrija ukipasuka unavuja damu ndani kwa ndani. Usisubiri miadi ya sindano.

Nianze lini kutafuta msaada?
Chini ya miaka 35, mwaka mmoja wa kutafuta mtoto bila kupata. Kuanzia 35, miezi sita. Hedhi ikipungua ghafla baada ya kusafishwa, njoo sasa hivi, na uje na karatasi za hospitali uliyosafishiwa.