Hausi hakingi: bila godoro lako mle ndani, hiyo ni biashara nyingine

Jumamosi iliyopita tulikuwa kwenye arobaini ya mtoto hapa Columbus, Ohio, pilau limeshaliwa, wanaume tumejazana besimenti, na maongezi yakaingia kwenye nyumba kama kawaida yetu watu wa diaspora tukishashiba. Jamaa mmoja akasema yeye siku hizi "anahaki nyumba", kanunua dupleksi Dayton, ile nyumba moja yenye pande mbili za familia mbili, pande zote mbili kapangisha, mwenyewe yuko zake huku huku Columbus kwenye apatimenti. Kabla hajamaliza mwingine akadakia na yeye anahaki, ana kijumba Florida anakiweka Airbnb kwa wageni wa siku chache. Wa tatu, nisamehe kaka ukisoma hapa, akasema anahaki Kigamboni, kule Dar. Kigamboni ana kiwanja. Hakina hata tofali.

Nikanyamaza maana ni shughuli ya watu. Ila nimelisikia hili neno hausi hakingi, kwa Kiingereza house hacking, likitumika vibaya mara nyingi mno mwaka huu, acha niliandike tu, na naliandika kama tunavyolitamka.

Hausi hakingi ni hivi: unanunua nyumba, wewe unakaa sehemu moja, sehemu iliyobaki unapangisha, ile kodi inakusaidia kulipa marejesho ya benki. Basi. Inaweza kuwa dupleksi, inaweza kuwa jengo la familia nne, inaweza kuwa nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu, viwili vina wapangaji. Kuna sharti moja tu ambalo watu wanaliruka, nalo ni kwamba wewe mwenye nyumba unalala humo.

Tuanze na hilo neno lenyewe maana nahisi uchafu unaanzia hapo. Shangazi yangu Dar nilipomwambia kwenye simu nataka kuhaki nyumba alikaa kimya, alafu akaniuliza taratibu, "ya nani?" Kwake kuhaki ni kile walichomfanyia binamu yetu, akaunti yake ya Facebook ikaanza kuomba watu hela. Na kosa si lake. Kwa Kiingereza lile neno hack asili yake ni kukatakata, kama mtu anavyofyeka kichaka kwa panga. Mwaka 1955 pale chuo cha MIT kulikuwa na klabu ya wanafunzi wanaochezea mifano ya treni, na kwenye kumbukumbu za kikao chao iliandikwa kwamba yeyote "anayehaki" mfumo wa umeme azime kwanza swichi asije akaunguza fyuzi. Yaani kuhaki kulikuwa kuchokonoa kitu kwa akili mpaka kifanye kazi unavyotaka. Wizi wa akaunti umekuja baadaye, magazeti ndo yakalishika kwa maana hiyo, na sisi tumelipokea likiwa limeshachafuka. Mwaka 2004 mwandishi mmoja wa mambo ya teknolojia, Danny O'Brien, akalirudisha kwenye maana ile nzuri, akaongea kwenye mkutano San Diego kuhusu "kuhaki maisha", vile vijanja vidogo vya kurahisisha kazi, na baada ya hapo kila kitu kikawa kinahakiwa, jiko, safari, usingizi, mpaka nyumba.

Sasa kinachonichekesha ni kwamba Wamarekani wamelipa jina jipya jambo ambalo mi nimezaliwa ndani yake. Tulipanga Magomeni kwenye nyumba ya Kiswahili, ile ya vyumba sita, vitatu huku vitatu kule, korido katikati, uani jiko na choo cha wote. Mwenye nyumba, tulimwita Bi Mkubwa tu, alikaa vyumba viwili vya mbele na vinne akapangisha. Mita ya umeme moja, ya LUKU, ule umeme wa kulipia kabla. Saa tatu usiku anatoka na kanga yake anasimama kwenye korido, ananusa. Ananusa pasi. Akiisikia harufu ya nguo ya moto anaita kwa sauti ya upole kabisa, "Nani anapiga pasi jamani, LUKU inakimbia." Alijua nani kachelewa kodi, nani ana mgeni wa siku tatu aliyegeuka mgeni wa miezi mitatu, nani bomba lake linavuja. Alijua kwa sababu alilala humo. Angekuwa anakaa Tabata anatuma dalali kuja kuchukua hela, ingekuwa nyumba ya kupangisha tu kama nyingine, na asingenusa chochote.

Tofauti iliyopo, na ni kubwa, ni kwamba Bi Mkubwa hakuwa na benki. Nyumba ilijengwa tofali kwa tofali na marehemu mumewe. Huku Marekani ujanja wote uko kwenye mkopo, na mkopo wenyewe umesimama juu ya kitanda chako. Mkopo wa FHA, shirika la nyumba la serikali ya Marekani, ule unaowekewa bima na serikali ambao watu wengi wanaanza nao, unakubali kianzio cha asilimia 3.5 kama alama zako za kredit, zile za kuonyesha unavyolipa madeni, ni 580 kwenda juu, na unaruhusu mpaka jengo la familia nne. Kwenye dupleksi ya dola 300,000 hiyo ni dola 10,500. Ukienda kama mwekezaji ambaye hatakaa humo, kwa mkopo wa kawaida wa jengo la familia mbili mpaka nne utaombwa kama asilimia 25, yaani dola 75,000. Nyumba ile ile, ukuta ule ule. Hiyo tofauti ya dola 64,500 ni bei ya wewe kulala humo. Ndo maana FHA wanataka uhamie ndani ya siku 60 na ukae angalau mwaka mmoja, na kwenye fomu ya mkopo, sehemu ya matamko, swali la mwanzo kabisa ni kama utaishi humo kama makazi yako makuu. Ukijibu ndiyo huku moyoni ni hapana, hapo hujahaki kitu, umeidanganya benki, na sheria ya shirikisho kwa uongo wa namna hiyo inataja kifungo cha hadi miaka 30. Sisemi jamaa wa Dayton kafanya hivyo, pengine kalipa asilimia zake 25 kihalali kabisa. Ila kama kalipa 25, basi kahaki nini?

Mtu akikaa mwaka wake akahama sawa, wala si dhambi, wengi ndo mpango wao, wanahama wanaiacha inapangishwa yote wananunua nyingine. Siku ya kuhama hausi hakingi imeisha pale, amekuwa mwenye nyumba wa kawaida.

La pili linaloniudhi, kwa ufupi, ni hili la "unaishi bure". Chukua dupleksi ile ile, weka riba asilimia 6.5 kwa miaka 30, bima ya mkopo ya FHA, halafu kodi ya serikali ya jengo na bima ya nyumba, hizo mbili tuseme dola 500 kwa mwezi, jumla inakaribia dola 2,500. Mpangaji wa upande wa pili analipa 1,400. Zilizobaki 1,100 ni zako, na hapo hatujahesabu hita kufa mwezi wa Januari wala mwezi mpangaji akitoka na upande ukabaki mtupu. Ni nafuu kubwa, mi mwenyewe naifaidi, ila bure siyo. Na ukitaka la familia tatu au nne FHA wana kipimo kingine, asilimia 75 ya kodi ya pango ya jengo zima, ukihesabu na upande wako, ifike au ipite marejesho ya mwezi, ndo maana majengo mengi ya namna hiyo yanakwama kabla hata hujaota.

Halafu watu wanaulizana maswali makubwa ya uwekezaji wakati ya mwanzo ni madogo na yanauma. Mita ya maji ni moja au mbili? Kwangu ni moja, kwa hiyo maji ya jirani nalipa mimi, na ana watoto wanne wanapenda kuoga. Mpangaji ni binamu yako, utamwandikia mkataba au utaona aibu? Andika. Paa likivuja ni lenu wote, kwa hiyo kwenye mahesabu ya kodi ya serikali unagawa, ila sinki la upande wa mpangaji ni gharama ya biashara moja kwa moja, tunza risiti. Na usiku mpangaji hakupigii simu, anagonga ukuta.

Hata sheria ya kukataza ubaguzi wa wapangaji inaangalia unalala wapi. Sheria ya Marekani ya makazi ya haki ya mwaka 1968 ina mwanya watu wanauita wa Bi Murphy, mama wa kubuni tu aliyetajwa sana kwenye mijadala ya enzi hizo, mjane anayepangisha vyumba nyumbani kwake. Jengo lisilozidi familia nne, mwenyewe ukiishi humo, linatoka kwenye sehemu kubwa ya sheria hiyo. Usije ukakimbia nayo lakini, tangazo la kibaguzi bado ni kosa, kubagua kwa rangi kumekatazwa na sheria nyingine ya tangu 1866, na majimbo mengine yamebana zaidi. Ninachotaka uone ni kwamba mwanya huo hauulizi una nyumba ngapi, unauliza kama Bi Murphy analala humo.

Kwa hiyo kaka wa Dayton, una nyumba ya kupangisha, tena pande mbili, hongera sana na wala hujapungukiwa kitu, ukiulizwa sema hivyo hivyo. Wa Florida una nyumba ya wageni. Na kaka wa Kigamboni, una kiwanja, siku ukimwaga msingi niite nije kula ubwabwa, na ukijenga vyumba sita ukalala kimoja, hilo jina la kuhaki nyumba nitakuita mimi wa kwanza.