Msitu mfupi si lazima uwe umekatwa

Ukiingia kwenye miteremko mikavu ya milima ya Appalachia, mpakani mwa majimbo ya Virginia na West Virginia huko Marekani, utadhani wakata kuni wamekutangulia. Mialoni imejipinda, misonobari ni mifupi, na kati yake kuna vipara vya mawe matupu. Aliyezoea mipaina ya Sao Hill, shamba kubwa la miti nchini Tanzania, iliyopandwa kwa mistari na kunyooka kama nguzo za umeme, atauliza ni nani aliyeuharibu msitu huu. Mara nyingi hakuna. Mwaloni usiojaza mikono miwili unaweza kuwa na umri unaozidi miaka 100.

Sababu iko chini ya miguu. Mwamba wa hapa ni tope la bahari ya kale, la zaidi ya miaka milioni 350 iliyopita, lililogandamana na kuwa jiwe la tabaka nyembamba. Likimeguka linakuwa kama vigae vya chungu, vinavyolia na kuteleza ukivikanyaga. Mvua ikinyesha, maji hayakai. Upande unaotazama kusini, ambako jua hupiga zaidi, uso wa mawe unaweza kupita nyuzi 50 za Selsiasi wakati wa kiangazi, na mche unaungua kabla mzizi haujafika penye unyevu.

Kupima uoto wa mahali kama hapa huanza na kiwanja cha mita 20 kwa 20, na hapo ndipo wanaoanza kazi hujikwaa. Eneo huhesabiwa kama ardhi iliyolala, lakini tepu inafuata mteremko. Kwenye mwinamo wa nyuzi 30, mita 20 za ramani ni mita 23.1 za tepu. Ukisahau kurekebisha, kiwanja kinapungua kwa asilimia 13, na msitu utaonekana na miti michache kuliko iliyopo. Kipenyo cha shina Wamarekani hukipima mita 1.37 kutoka ardhini, na mpimaji husimama upande wa juu wa mti.

Kisha sisi wapimaji tunakadiria kila tabaka la mimea linafunika asilimia ngapi ya kiwanja. Juu kuna mwaloni *Quercus montana* na misonobari *Pinus virginiana* na *Pinus pungens*. Katikati vichaka vya *Vaccinium pallidum*, vyenye matunda madogo ya buluu. Chini nyasi na majani makavu. Jumla ikizidi 100 usishtuke, kwa kuwa matabaka hufunikana. Mawe matupu nayo yanaandikwa.

Kazi inayonipendeza mimi ni ya kupiga magoti. Kati ya vigae kuna *Trifolium virginicum*, jamaa wa klova mwenye vijani vyembamba, aliyegunduliwa mlima Kates, West Virginia, mwaka 1892. Kuna pia *Boechera serotina*, mmea ulioorodheshwa na serikali ya Marekani kuwa hatarini kutoweka mwaka 1989. Huu huchelewa kuchanua, kiangazi kikiwa kimekolea, kwa hiyo anayepita Mei atakuta kijiduara tu cha majani, kidogo kuliko kifuniko cha chupa, na huenda akakikanyaga. Akichelewa sana, kulungu wameshakula bua la maua. Kwa hiyo tunarudi zaidi ya mara moja, tunaingia kiwanjani kwa ubavu, wala hakuna anayetembea mteremkoni juu mwenzake akiwa chini yake, maana jiwe moja likiteleza linaondoka na mimea na kifundo cha mguu cha aliye chini.

Kuna safu moja ya fomu ya vipimo ninayoikagua kila jioni: ya miche ya *Pinus pungens*. Koni zake, yaani vifuko vigumu vya mbegu, nyingi zimefungwa kwa utomvu na hufunguka vizuri kwa joto la moto, ambao kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 ulizimwa kila ulipozuka. Miti mikubwa ipo, miche mara nyingi haipo. Hapo ni lazima iandikwe 0, kwa sababu nafasi ikiachwa tupu, atakayeisoma baada ya miaka 20 hatajua kama miche haikuwepo au mpimaji alichoka.