Kukohoa zaidi si dalili kwamba dawa imekudhuru

Wengi tumekua tukiamini kwamba dawa nzuri ya kifua ni ile inayonyamazisha kikohozi. Ndiyo maana mtu akiandikiwa asetilisisteini au kabosisteini, dawa za kulainisha makohozi, kisha siku ya pili akaona makohozi yanatoka kwa wingi, huiacha, au huongeza dawa ya kukata kikohozi. Hilo la pili ndilo linalonitia hofu.

Dawa hizi hazikati kikohozi. Makohozi mazito huwa kama uji uliolala: yanavutika, yananata kwenye njia za hewa. Asetilisisteini huvunja vifungo vya salfa vinavyoshikanisha protini za ute, makohozi yakawa mepesi. (Ile harufu ya yai viza unayoisikia ukifungua pakiti ni ya salfa hiyo, dawa haijaharibika.) Yakishalainika lazima yatoke, na kukohoa ndiko kunakoyatoa. Ukizima kikohozi, yanabaki kifuani.

Mwenye vidonda vya tumbo au pumu amweleze daktari kwanza. Watoto wa chini ya miaka 2 wasipewe. Ufaransa ilizizuia kwa umri huo mwaka 2010, maana kifua kichanga hakina nguvu ya kuyatoa makohozi hayo. Na anayekohoa kwa wiki 2, au anayetoa damu, akapimwe kifua kikuu.