Huyu hakukosa fimbo

"Daktari, huyu hana ugonjwa wowote. Amekosa fimbo tu."

Nimeisikia tena juzi, safari hii kwa bibi mmoja aliyepanda Kosta alfajiri kutoka Tukuyu ili aje kunieleza ana kwa ana. Mimi si daktari, ni mwanasaikolojia, ila hilo nilishachoka kulisahihisha. Nikamgeukia mama wa mtoto: wiki hii amechapwa mara ngapi? Akahesabu kwa vidole, akaishia mara tano. Kama fimbo ndiyo dawa, basi mtoto huyu wa miaka 8 alikwishamaliza dozi.

Ya vitabuni tuyapitie haraka. ODD, yaani tatizo la ukaidi na hasira za kupitiliza kwa watoto, si utundu. Tunatafuta angalau dalili 4 kati ya 8: hasira za karibu, ubishi, kuudhi watu makusudi, kuweka kisasi na nyinginezo. Ziwe zimedumu miezi 6, na zisiwe kwa kaka na dada zake peke yao. Mtoto anayekataa kuoga asubuhi ya mwezi wa saba hapa Mbeya hana ODD. Ana akili.

Linaloniudhi ni hili la fimbo.

Mama huyu anauza mchele Mwanjelwa, anarudi usiku amechoka. "Zima tivii ukaoge." Kimya. Anarudia mara ya tatu, ya nne, sauti inapanda. Mtoto naye anapiga kelele, anatupa rimoti. Siku nyingine mama anashindwa: haya, lala na uchafu wako. Hapo mtoto amejifunza kwamba kelele zinalipa. Siku nyingine mama anashika fimbo na nyumba inatulia, dakika kumi hivi. Hapo sasa anayefundishwa ni mama! Ameona fimbo inanyamazisha, kwa hiyo kesho ataishika mapema zaidi. Na mtoto kesho atapandisha kelele zaidi, maana hajui leo ni siku ya kuchapwa au siku ya kuachiwa. Kitu kinacholipa mara moja moja ndicho kigumu kukiacha, waulize wanaobeti. Mmarekani Gerald Patterson, aliyezichunguza familia majumbani mwao huko Oregon, aliueleza mzunguko huu mwaka 1982, na mimi nauona karibu kila wiki.

Bibi akanikatiza. "Mbona kwangu alitulia likizo nzima?"

Swali zuri. Ukaidi unaojitokeza mahali pamoja tu nao unahesabika, ila tunauweka kiwango cha chini. Nilikuwa nataka kumweleza hivyo, mtoto akadakia: "Bibi hanichapagi."

Mama akatazama dirishani. Mimi nikaanza kumhoji bibi upya: kwako anaogaje? "Namfuata alipo, namshika mkono, twende. Kupiga kelele toka jikoni nitaweza wapi na kifua hiki?"

Amri moja, ya karibu, bila kelele, na mwenye amri haondoki mpaka itimie. Mimi huwa natumia vikao vinne kuwafundisha wazazi jambo hilo, na huyu mhubiri wa fimbo analifanya kwa sababu ya kifua.

Mashaka ninayo. Kigezo cha kubishana na watu wazima kiliandikwa Marekani, na kwetu zipo nyumba ambamo mtoto akiuliza "kwa nini" tayari amebisha. Nimewahi kuandika ODD kwenye faili la mtoto ambaye baadaye tuligundua hasikii vizuri. Halafu kuna hili la kusifia, ambalo ni kama nusu ya tiba, na mpaka leo sijui nilisemeje mzazi asinione nimechanganyikiwa.

"Nimsifie kwa kuoga?" bibi aliuliza. "Kwani ananiogea mimi?"

Nikacheka, jibu sina. Tukakubaliana aseme "asante, mume wangu", maana ndivyo anavyomwita siku zote.

Mama nimemwonya: ukiacha kurudi nyuma, kelele zitazidi kwanza kabla hazijapungua. Wengi hukatia tamaa hapo, wakaniambia mambo yangu ni ya kizungu. Akauliza zitazidi kwa siku ngapi. Nikamwambia kweli, inategemea mtoto.

Bibi hakurudi Tukuyu siku hiyo. Amesema atakaa Mbeya mpaka kikao cha Alhamisi, aone mwenyewe huyo mama anavyoita watu kuoga.