Je, wajua kwa nini gari la 4x4 lina gia boksi ya pili?

Ukikaa kwenye usukani wa Suzuki SJ413 ya zamani, ile iliyouzwa Marekani kwa jina la Samurai, utakuta vijiti viwili vya gia. Kirefu hakihitaji maelezo. Kifupi kimeandikwa 2H, 4H, N na 4L (namba ni idadi ya magurudumu yanayosukumwa na injini, H ni mwendo wa juu, L ni mwendo wa chini, N ni huru), na wapo madereva waliokaa na gari hilo miaka bila kukifikisha 4L hata mara moja, au wanaokikumbuka siku tope limefika kwenye ekseli. Kijiti hicho kinaongoza sanduku la pili la gia, dogo, lililofungwa katikati ya chasisi nyuma ya gia boksi kubwa. Mafundi wanaliita transfa.

Transfa ina kazi mbili. Ya kwanza inajulikana: kupeleka nguvu ya injini nyuma peke yake, au nyuma na mbele kwa pamoja. Ya pili ndiyo watu wengi hawaielewi, na ndiyo inayofanya gari la porini liwe gari la porini. Ukivuta kijiti hadi 4L, nguvu inapitia jozi nyingine ya meno kabla haijafika kwenye magurudumu. Mwendo unapungua, nguvu ya kusokota inaongezeka, na gia zako zote tano zinakuwa nzito kwa mpigo mmoja. Ukirudi barabarani unakirudisha kijiti 2H na gari linatembea kama kawaida. Kama uzito huo ungewekwa kwenye difu (meno ya katikati ya ekseli yanayogawa nguvu kwa magurudumu) badala ya transfa, ungekuwa nao hata ukiwa safarini Nairobi hadi Mombasa, injini ikipiga kelele njia nzima.

Tuipige hesabu, maana namba zake ni nzuri. Gia ya kwanza ya SJ413 ina uwiano wa 3.652, na difu ina 3.727. Transfa yenyewe ina 1.409 ikiwa kwenye H na 2.268 ikiwa kwenye L. Zidisha zote tatu: ukiwa 4H, injini inazunguka kama mara 19 ili tairi lizunguke mara moja. Ukiwa 4L inazunguka karibu mara 31. Sasa chukua injini iliyo sailensa, yaani inayozunguka bila kukanyagwa mafuta, mizunguko 800 kwa dakika, na tairi la kawaida la gari hilo ambalo mzingo wake ni kama mita 2.1. Kwenye 4H gia ya kwanza, bila kugusa mafuta, gari linatambaa kwa zaidi kidogo ya kilomita 5 kwa saa. Kwenye 4L ni kilomita 3.3 hivi. Mtu anayetembea kwa miguu anakupita.

Upole huo una thamani kubwa. Injini ya lita 1.3 hutoa nguvu ya kusokota ya kama Nyutoni mita 100 ikiwa imepandishwa mizunguko, na chini ya hapo haina kitu. Dereva anayekabili ngazi ya mawe bila 4L amebaki na njia mbili: kuisugua klachi hadi inuke, au kuyaingia mawe kwa kasi na kuomba springi zivumilie. Mwenye 4L anaachia klachi yote, anaondoa mguu, na gari linapanda lenyewe jiwe kwa jiwe. Kwenye mteremko faida ni kubwa zaidi, kwa sababu injini ndiyo inayolishika gari na breki hazipati moto. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kutumia 4L, na kupanda ni ya pili. Kwenye tope laini au mchanga, kinyume chake, 4L mara nyingi inazungusha tairi bure na kujichimbia shimo. Huko kinachohitajika ni mwendo, na 4H inafaa zaidi.

Wanaofuatilia Rhino Charge, mashindano ya magari ya 4x4 kule Kenya, hawahitaji kushawishiwa. Mashindano hayo yalianza 1989 ili kuchangia Rhino Ark, taasisi iliyoanzishwa 1988 kwa lengo la kuweka uzio kulinda vifaru wa Aberdare. Uzio huo wa takriban kilomita 400 ulikamilika 2009. Kila gari lina saa 10 za kufika vituo 13, na mshindi ni yule aliyevifikia vyote kwa umbali mfupi kuliko wenzake, hata kama wengine walimaliza mapema. Kanuni hiyo inabadilisha kila kitu. Anayezunguka korongo anaongeza kilomita, kwa hiyo timu zinashuka makorongo moja kwa moja na kupanda upande wa pili, mahali ambapo wenyeji hupitisha mbuzi. Mwendo wa polepole unaotawalika ndio unaokuvusha hapo.

Ndipo watu wanapoanza kutamani gia nzito zaidi ya zile za kiwandani. Kinachowasukuma mara nyingi ni matairi. Ukifunga tairi la inchi 31 mahali pa lile la awali, kila mzunguko unakwenda mbali zaidi, na uzito wa gia uliokuwa nao unapungua kwa karibu asilimia 15. Gari linakuwa zito kuondoka na gia ya tano inageuka pambo.

Njia ya bei nafuu ni kutafuta transfa ya ndugu yake mwenye injini ndogo, SJ410. Yenyewe ina 1.580 kwenye H na 2.511 kwenye L, yaani nzito kwa kati ya asilimia 11 na 12 kuliko ya SJ413. Hairudishi yote uliyopoteza kwa matairi makubwa, ila inarudisha sehemu kubwa, na kwa gari la kazi za shamba inatosha kabisa. Wanaotaka miamba hununua seti ya meno mapya ya kuingiza ndani ya transfa, na iliyo maarufu ni ile yenye uwiano wa 4.16 kwenye L. Ukiifunga, ile mizunguko 31 ya injini kwa mzunguko mmoja wa tairi inaruka hadi karibu 57. Hata ukiwa na tairi la inchi 31, gari sailensa litakwenda kama kilomita 2 kwa saa. Fahamu kwamba seti nyingi za aina hii huifanya H nayo iwe nzito, na baadhi hulazimisha kusaga kidogo ukuta wa ndani wa sanduku ili jino kubwa lipate nafasi.

Nguvu hiyo haipotei njiani. Nyutoni mita 100 zilizozidishwa mara 57 zinafika kwenye ekseli zikiwa zaidi ya 5,000, na ekseli za Suzuki zilichorwa kwa ajili ya karibu nusu yake. Jointi za ekseli ya mbele ndizo zinazolia kwanza, hasa usukani ukiwa umekatwa wote na mguu ukikanyaga. Transfa nayo inaning'inia kwenye mikono mitatu yenye raba, na ukiizidishia nguvu inajisokota hadi raba zichanike au mkono upasuke. Ningemshauri yeyote anayenunua meno mapya anunue na raba ngumu siku hiyo hiyo, na asifungue sanduku bila beringi na sili (raba za kuzuia oili isivuje) mpya mkononi. Kulifungua mara mbili ni kulipa mara mbili.

Kabla ya meno mapya, hata hivyo, kuna oili. Transfa ya SJ413 inabeba lita 0.8 tu za oili ya gia, kwa kawaida 80W-90 au 75W-90. Chupa moja ya lita inatosha na kubaki. Kwa sababu ni ndogo na haina taa ya onyo, inasahaulika: mwenye gari anabadilisha oili ya injini kwa uaminifu, na transfa inabaki na oili ya mwenye gari aliyepita. Sili ikivuja tone moja moja kwa mwaka, lita 0.8 haichukui muda kuisha.

Kuibadilisha ni kazi ya asubuhi moja. Tembeza gari kwanza ili oili ipate joto, paki mahali tambarare, weka vizuizi kwenye matairi. Kisha, kabla ya kugusa boliti ya chini, legeza boliti ya juu ya kujazia. Ukimwaga oili halafu ya juu ikakataa kwa kutu, una gari kavu lisiloweza kwenda hata gereji. Ikishamwagika, itazame vizuri kwenye mwanga. Nyeusi ni uzee. Vumbi laini la kijivu ni usagikaji wa kawaida. Vipande unavyoweza kuviokota kwa vidole ni jino au beringi, na safari ya porini inaahirishwa. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia.

Maji huingia kwa namna inayoshangaza. Sanduku lina kitundu cha kupumulia juu yake, kwa sababu hewa ya ndani inatanuka ikipata joto. Ukiingia mtoni transfa ikiwa ya moto, inapoa ghafla, hewa inasinyaa, na sanduku linavuta. Likiwa limezama, linavuta maji, kupitia kitundu hicho au midomo ya sili zilizochoka. Tiba yake ni mpira mwembamba kutoka kwenye kitundu hadi juu chini ya boneti. Sijui marekebisho mengine ya 4x4 yenye faida kubwa kwa pesa ndogo namna hiyo.

Ukiwa chini ya gari, shika flenji ya propela (sahani inayounganisha transfa na shafti iendayo kwenye ekseli) kwa mkono na uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi imechoka, na sili mpya utakayoweka itavuja tena upesi kwa sababu shafti inayumba ndani yake. Angalia na raba za mikono. Kijiti kinachoruka chenyewe kutoka 4L wakati wa kushuka kinasababishwa na raba zilizochanika, springi na gololi za kushikilia zilizolegea, au uma wa kusukuma meno uliolika. Hilo halisubiri, maana kikiruka kinaangukia N, na kwenye N injini haiyashiki tena magurudumu hata kama kijiti kirefu kiko gia ya kwanza.

Namna ya kuendesha nayo inachangia uhai wa meno. Transfa hii haina difu ndani yake, kwa hiyo ukiwa 4H au 4L mbele na nyuma vinalazimishwa mwendo mmoja. Kwenye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Juu ya changarawe tairi linateleza kidogo na mambo yanaisha, lakini kwenye lami kavu mvutano unajikusanya kwenye shafti hadi kijiti kinakwama na kukataa kutoka. Kikikwama, usikipige teke. Rudisha gari nyuma mita chache usukani ukiwa umenyooka, mvutano utalegea na kijiti kitatoka kwa vidole viwili. Kuingia 4L nako kunataka gari limesimama kabisa, klachi chini.

Na aliyefunga meno mapya asiende moja kwa moja milimani. Atembee nayo taratibu kilomita mia chache, akaze upya boliti za mikono na za flenji, kisha amwage oili ile ya kwanza hata kama bado inang'aa, kwa sababu vumbi la meno mapya yanayozoeana limo humo.