Fataki Haipimi Presha: Dhana Potofu za Wajazaji wa Risasi za Rivolva

Mteja anapanga maganda matupu mezani, vitako juu, kisha anasema: "Tazama fundi, fataki zote bado zina kingo za mviringo. Naongeza baruti kidogo tu." Marekani, ambako watu wengi hujijazia risasi nyumbani, mafundi wa rivolva husikia maneno haya kila msimu wa kuwinda kulungu ukikaribia. Anamaanisha kwamba fataki, yaani kikombe kidogo kitakoni mwa ganda ambacho pini hukigonga ili kuwasha baruti, isipobapa basi presha bado ni salama. Kati ya dhana zote za kazi hii, ndiyo inayopasua silinda nyingi (sehemu ya rivolva inayozunguka, yenye vyumba vya risasi), na inastahili kuvunjwa kwa namba.

SAAMI, chombo kinachoweka viwango vya silaha na risasi Marekani tangu 1926, kimeiwekea risasi ya .45 Colt kikomo cha presha cha psi 14,000 (pauni kwa inchi ya mraba). .44 Special ina 15,500. .357 Magnum inafika 35,000, na .44 Magnum 36,000. Juu yake iko .480 Ruger yenye 48,000, .500 S&W Magnum yenye 60,000, kisha .454 Casull na .460 S&W Magnum zenye 65,000. Maganda ya risasi zote hizo ni ya shaba ya aina moja au inayokaribiana sana. Dalili ambazo watu huzitafuta, yaani fataki iliyobapa, shaba iliyovimba kuzunguka alama ya pini, au kitako kilichopanuka, hutokea metali inaposhindwa. Haishindwi kwenye psi 14,000 wala 36,000. Kwa kawaida huanza kulegea kwenye presha za bunduki ndefu, mara nyingi zaidi ya 60,000.

Piga hesabu mwenyewe. Mtu aliyejaza .45 Colt kwa mara tatu ya kikomo chake yuko kwenye 42,000, na fataki yake bado inapendeza. Silinda nyembamba ya rivolva ya mtindo wa zamani wa 1873 itapasuka, na bamba la juu la fremu litaondoka nayo, kabla ya fataki kusema chochote. Kwenye .44 Magnum, ukiona fataki imebapa kwa sababu ya presha kweli, kikomo ulikwishakiacha nyuma kitambo. Hata .454 Casull, ambayo kikomo chake kinakaribia nguvu ya shaba, haikupi onyo la maana, kwa sababu inatumia fataki ndogo ya bunduki ndefu, na kikombe chake ni kigumu kuliko cha fataki ya bastola.

Kinyume chake nacho ni kweli: fataki iliyobapa si ushahidi wa presha kubwa. Risasi inapolipuka, fataki husukumwa nyuma kwanza na kuchomoza kwenye tundu lake. Presha ikipanda, ganda nalo hurudi nyuma na kuigandamiza fataki dhidi ya bamba la fremu lililo nyuma ya silinda. Kukiwa na nafasi kubwa kati ya ukingo wa ganda na bamba hilo, fataki hubapa hata kwa risasi ya wastani. Presha ikiwa ndogo mno, ganda halirudi, fataki hubaki imechomoza na silinda hugoma kuzunguka. Ongeza hapo kwamba ulaini wa vikombe hutofautiana kati ya viwanda, na kwamba tundu la pini lililopanuka huacha alama kama kreta kwa presha yoyote. Kusoma fataki ni kubahatisha, na silinda iko sentimita chache tu kutoka kwenye vidole vyako.

Basi utumie nini? Kitabu cha vipimo vya baruti, na kiwe cha kichwa (kipande cha risasi kinachoruka) kilekile unachokijaza. Vichwa viwili vya uzito wa greni 240 vikizamishwa kwa kina tofauti ndani ya ganda havitoi presha sawa. Anza na kipimo cha chini cha kitabu, upande kidogo kidogo, usimame kwenye cha juu. Nunua kronografu, chombo cha kupima kasi ya risasi. Kasi ikifika ile ya juu ya kitabu kabla hujafika kwenye baruti yake ya juu, umekwishafika, simama hapo. Lakini kasi ikiwa chini ya kitabu, usiifukuze kwa baruti: vitabu vingi vilipimia kwenye mtutu mrefu zaidi, au usio na mwanya kati ya silinda na mtutu ambamo gesi hutoroka. Halafu maganda. Yanapaswa kutoka kwa kusukuma fimbo kwa kidole. Yakigoma kwenye chumba kimoja tu, kagua chumba hicho. Yakigoma vyumba vyote na silinda ni safi, risasi imezidi. Zilizobaki zing'oe vichwa, usizimalizie kwa kuzipiga.

Dhana ya pili ni jamaa ya hiyo: "Chuma cha kisasa kinabeba chochote." Vitabu vingi vina ukurasa wa .45 Colt nzito, takriban psi 30,000, kwa Ruger Blackhawk na rivolva za nguvu kama hiyo. Ruger New Vaquero ya 2005 ina fremu ndogo zaidi na haimo katika kundi hilo, ingawa imeandikwa Ruger. Tatizo ni unene. Tundu la .45 hula ukuta wa silinda, na kwenye silinda nyingi za vyumba sita notchi ya kufungia, kijishimo kinachoishika silinda isizunguke, imechongwa juu ya chumba chenyewe, pale ukuta ulipo mwembamba kuliko popote. Ndiyo maana Elmer Keith, mwandishi wa Marekani wa mambo ya silaha, aliiacha .45 Colt akahamia .44 Special, na ndiyo maana watengenezaji wa rivolva Freedom Arms waliitengenezea .454 Casull silinda ya vyumba vitano.

"Baruti ikipungua, usalama unaongezeka." Si kwa baruti za H110 wala W296. Hizi zinataka ganda lililojaa, mdomo uliokunjwa kwa nguvu na fataki iliyotajwa kitabuni. Hodgdon, wauzaji wa baruti hizo, wanaonya zisipunguzwe zaidi ya asilimia 3. Ukizidisha kupunguza, moto hauwaki sawasawa na kichwa kinaweza kukwama mtutuni. Ukifyatua tena juu yake, mtutu unavimba.

CUP, kipimo cha zamani cha presha kinachotumia kipande cha shaba kinachobonyezwa, na psi si kitu kimoja. .44 Magnum ina CUP 40,000 na psi 36,000; .357 ina CUP 45,000 na psi 35,000. Hakuna hesabu moja ya kubadilisha huku kwenda kule, kwa hiyo usichanganye majedwali.

Wengine hudai kwamba silaha iliyopigwa kiwandani risasi ya majaribio, yenye presha kubwa kuliko kawaida, ina akiba ya kutumia. Risasi hiyo hupigwa mara chache, chini ya uangalizi, kisha silaha hukaguliwa. Si ruhusa ya kila siku.

Na .45 Colt ndani ya silinda ya .454? Inaruhusiwa, lakini ganda lake fupi huacha pete ya masizi mbele ya mdomo. Ganda refu la .454 likiingia juu ya pete hiyo, mdomo wake hauna nafasi ya kufunguka, na presha hupanda. Sugua kila chumba kwa brashi ya shaba hadi ganda tupu la .454 liingie lote bila kusukumwa, ndipo ujaze silinda.